Kipimo cha Kushindiliwa: Barua kwa Vijana wa Kwaya Yetu

Wanangu na wajukuu zangu,

Ndaga. Nawaandikia nikiwa hapa Isyonje, wilayani Rungwe, ukungu bado umelalia mashamba na vidole vimekufa ganzi. Mjukuu wangu ndiye anayechapa haya kwenye simu, nami nimemkataza kupunguza ukali. Hivyo mkikuta neno chungu, ni langu.

Jumamosi ya kuamkia Sikukuu ya Mavuno nilikwenda kumsaidia jirani yangu kuchambua viazi. Ni mama mjane, analima viazi aina ya Arka kwenye kipande cha shamba ng'ambo ya korongo. Wanunuzi walifika saa nne na lori. Nikafurahi kumwona miongoni mwao kijana wetu wa kwaya, yule anayeimba sauti ya nne mpaka madirisha yanatetemeka. Nikasema moyoni, leo mama huyu amepata mtu wa nyumbani.

Wakaanza kujaza. Gunia likajaa, wakalinyanyua na kulibwaga, likabonyea, wakaongeza. Wakalisukasuka, wakaongeza tena. Mdomo ulipokataa kufunga, wakaunga kipande cha gunia jingine juu yake, wakajaza na hicho, ndipo wakashona kwa kamba. Lumbesa. Likasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Nikamuuliza kijana wetu, "Mwanangu, hilo ni gunia moja?" Akacheka, akanijibu mbele ya wabebaji: "Babu, hii ipo kwenye Biblia. Luka sita thelathini na nane. Kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Mmoja akaitikia, "Amina!"

Nimeishi miaka mingi, nimesikia Neno likitumiwa kuombea kura na kuuzia mafuta ya upako. Kushonea lumbesa sikuwahi kusikia.

Haya, tuusome mstari wenyewe. Unaanza na neno "Wapeni". Anayeshindilia pale ni yule anayetoa, ili anayepewa asipunjike. Wala hauishii pale alipokomea mwenzenu, kwa kuwa mbele kidogo unasema kipimo kile kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa. Gunia alijua kuliongezea kipande, mstari akaukata.

Nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa mnunuzi wa parachichi. Tukapima gunia moja tu, maana dereva alishaanza kupiga honi. Kilo 137. Mama alilipwa kwa magunia saba, bei ya gunia la kawaida. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake hazimruhusu mtu kufungasha mazao ya shamba zaidi ya kilo 100 kwa gunia, na kila dalali anayepita barabara hii ya Tukuyu analijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Kama mengine sita yalikuwa sawa na lile, na mikono iliyoyashona ni ile ile, basi zilipanda lorini kilo 259 ambazo hakuna aliyezilipia. Magunia mawili na nusu, na zaidi.

Utaniambia alikubali mwenyewe. Ndiyo, alikubali. Shule zinafunguliwa, viazi vimeshachimbwa na mvua inanyesha, lori likiondoka halijulikani litarudi lini. Mtu aliyebanwa hivyo hukubali lolote. Kisha utaniambia ndiyo biashara, kila mnunuzi anafanya. Basi nieleze: viazi hivyo hivyo vikifika soko la Mwanjelwa kule Mbeya au Dar es Salaam, mbona mnavipima kwa kilo na kwa sado, na hapo hamuongezi hata kimoja? Parachichi zetu zinanunuliwa kwa kilo shambani na hakuna aliyekufa. Mizani ipo. Inayokosekana ni nia.

Kesho yake ndiyo iliyoniudhi zaidi. Kijana yuko mstari wa nyuma, sare mpya, anaimba amefumba macho. Ulipofika mnada wa mavuno, jogoo mmoja akapandishwa bei mpaka shilingi 60,000, na aliyemchukua ni yeye. Vigelegele! Akaitwa mbele, akatajwa kuwa mfano kwa vijana wenzake. Mama mjane alikuwa benchi la tatu kutoka nyuma, alileta kapu la viazi vidogo, vile vilivyokataliwa na wanunuzi. Kapu lake lilikwenda kwa shilingi 3,000, na hakuna aliyepiga kigelegele. Mimi nilikaa nikihesabu jogoo yule ni kilo ngapi za viazi vyake.

Hapo sina budi kutugeukia sisi wazee wa kanisa. Tumewafundisha hivyo. Tunapojenga tunataja kwa kipaza sauti aliyetoa bati nyingi, na hatujawahi kumuuliza mtu bati hizo zimetoka wapi. Injili imefika Rungwe tangu 1891, sisi Wamoraviani tuna nembo ya Mwanakondoo aliyeshinda na tunasema tumfuate, lakini tukifika kwenye mizani tunamwambia atangulie, sisi tutakuja baadaye. Mithali inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Nimesikiliza mahubiri ya mavuno tangu nikiwa mtoto wa Shule ya Jumapili, na mstari huo sikumbuki kuusikia siku hiyo hata mara moja.

Nami sijitoi. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipotangaza vita dhidi ya walanguzi, mimi nilikuwa mwalimu wa kwaya, na chini ya kitanda changu palikuwa na mifuko minne ya sukari. Duka la kijiji lilikuwa tupu, kina mama walikuwa wanawapikia watoto uji mkavu, nami nasubiri bei ipande. Msako uliposikika unakaribia nikaibeba usiku, nikaimwaga mto Kiwira. Sikuigawa kwa majirani, maana ningeonekana kuwa nilikuwa nayo. Asubuhi yake ilikuwa Jumapili, nikasimama mbele ya kwaya nikapiga mkono kama kawaida, na wimbo ulitoka vizuri sana. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, wanangu. Wimbo ulitoka vizuri sana. Koo haliumwi kwa dhambi ya mkono.

Kwa hiyo msidhani namchukia kijana yule. Namfahamu. Nililala naye kitanda kimoja miaka arobaini iliyopita.

Yako mengine niliyotaka kusema, nayataja tu maana karatasi inakwisha na mjukuu anasema chaji pia. Kibarua alipwe jioni ile ile, kabla hujatenga fungu la kumi. Sare ya kwaya isinunuliwe kwa mkopo. Msibani nendeni na majembe, simu ziacheni mfukoni. Mkesha wa Ijumaa ni mzuri, lakini Jumamosi mama zenu wanachota maji peke yao ninyi mmelala. Binti mliyemwahidi ndoa, mwambieni ukweli mapema. Na manabii wa mjini, sina la kuongeza. Nauli ni yenu.

Ila nirudi kwenye viazi. Najua wengi wenu hamna ajira, shamba la baba limegawanywa mpaka limebaki la kusimama mguu mmoja, na udalali ndio mlango uliokuwa wazi. Sisemi mwache. Nunueni, uzeni, pateni faida, jengeni. Zakayo naye alikuwa mtu wa hesabu, na siku ile alipoteremka mti hesabu aliendelea nayo: nusu kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Mimi sidai mara nne.

Mizani nimenunua ya kwangu sasa. Nimeitundika kwenye mparachichi karibu na lango, na yeyote mwenye viazi vya kuuza aje navyo apime bure, awe wa kanisa letu au wa jingine, au asiwe na kanisa. Wanunuzi watakaokuja kwangu Jumanne wajue hivyo kabla ya kuwasha lori.

Na wewe wa sauti ya nne, ni kilo 259 kwa bei uliyomlipa. Mama yule baada ya saa kumi huwa amerudi kutoka shambani, utamkuta nyumbani. Mlango wake unaujua.

Babu yenu,
Isyonje