Barua kwa wanangu wa kamati za harusi: mwacheni babu afike kwenye chemko

Wanangu, habari za huko mliko. Wakubwa zangu mtakaopita hapa, shikamooni.

Barua hii nawaandikia nyie mnaooa na kuolewa, na nyie mnaokaa kwenye kamati, mwenyekiti, mweka hazina, mtu wa ukumbi, mtu wa vinywaji, wote. Wiki nzima nimesema niache yaishe, lakini hayaishi, kila nikilala naona mkono wa baba yangu umenyooka hewani.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na harusi hapa Morogoro, mtoto wa mdogo wangu, kwa hiyo mimi ndo mama mkubwa na baba yangu ndo babu wa bibi harusi, ameshavuka miaka themanini. Wiki mbili kabla aliniambia anataka kitu kimoja tu, acheze nyimbo moja na mama. Akaitaja mwenyewe, ya Morogoro Jazz, bendi ya zamani ya hapa hapa, mwanangu akaitafuta akaiweka kwenye flashi, mimi nikampa DJ mkononi, nikamwambia hii ya wazee, baada ya chakula, akasema mama ondoa shaka. Baba alivaa kaunda suti yake ya kijivu, dobi kaipiga pasi mpaka mstari wa suruali unakata. Mama magoti yanamsumbua siku hizi, lakini MC alipowaita nikamwona anavua viatu chini ya meza taratibu, mguu mmoja, alafu wa pili, maana mama hajawahi kucheza na viatu tangu namjua.

Wakafika katikati. Baba akanipa bakora niishike. Gitaa likaanza, wakaanza ule mwendo wao wa polepole, watu wakapiga vigelegele, na mimi machozi yananilenga. Dakika moja na nusu haikufika. DJ akakata akaweka singeli, MC akapaza sauti wazee ahsanteni sana tunakimbizana na muda, vijana wakamiminika kutoka kila kona, mabinti wakamvuta mama pembeni asije akaangushwa, na baba akabaki pale pale amesimama na mkono umenyooka, ule aliokuwa amemshika nao mama, kama mtu anayesubiri umeme urudi.

Nikamfuata na bakora yake. Akasema, achana nao, siku yao hii. Hakuongea kingine mpaka tunafika nyumbani.

Sasa wanangu nisikilizeni. Singeli sina ugomvi nayo, wajukuu zangu wanacheza sebuleni kwangu nafurahi kuwaangalia, na Bongo Fleva nazijua nyingi tu. Ninachotaka mwelewe ni kwamba nyimbo ya dansi huwezi kuikata katikati kama mkate. Ile imejengwa sehemu mbili. Kwanza wanaimba, hapo mnasikiliza maneno, kuna kisa ndani yake, mtu kaachwa, mtu kasafiri, mtu anamuonya mwanae, na mnacheza kidogo kidogo mkiongea masikioni. Baadae ndo inakuja chemko, magitaa yanashikana, tarumbeta zinaingia, ngoma inakaza mwendo, na hapo ndo mtu anacheza kwelikweli, hapo ndo mzee wa bakora anasahau bakora. Zamani kwenye santuri ndogo nyimbo nyingi zilikuwa hazienei upande mmoja, wanaandika sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na baba alikuwa anainuka haraka kuigeuza, anaipuliza vumbi, anaishusha sindano na kidole kimoja, na sisi watoto tumesimama tunangoja kwa sababu tunajua upande wa pili ndo wenyewe. Kwa hiyo huyo DJ alimkatia mzee kabla hajafika alikokuwa anakwenda. Miaka zaidi ya hamsini ya ndoa, amevua viatu mama wa watu, mnampa utangulizi tu mnamwambia ahsante.

Na sio nyimbo yoyote hiyo. Mnakaa Morogoro, mnapita mjini kila siku, hamjui mji huu ulikuwa nini. Hapa kulikuwa na bendi mbili kubwa, Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na watu walikuwa wamegawanyika kama Simba na Yanga, nyumba moja mume huku mke kule. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, bado kijana. Mwaka 1970 Morogoro Jazz, na Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake, walikwenda mpaka Osaka kule Japani kwenye maonyesho ya dunia kuiwakilisha Tanzania. Baba na mama walikuwa ndo kwanza wameoana. Baba mpaka leo akiisema hiyo Osaka anakaa vizuri kwenye kiti, utadhani yeye ndo alienda. Na Januari 1979 Mbaraka alipokufa kwa ajali huko Mombasa, nilikuwa mdogo sana lakini nakumbuka baba alizima redio akaenda kukaa kwenye kibaraza, mama akatupeleka kwa jirani tusimsumbue. Baba huyo ndo mtu mliyemwambia mnakimbizana na muda.

Mimi yangu ni miaka ya themanini. Ukiniuliza nyimbo nazozipenda nitakutajia za bendi za Mlimani Park, Msondo, Vijana Jazz, na kanda zangu ninazo kwenye boksi la viatu japo redio ya kuzichezea imekufa. Jumapili nyumbani kwetu ilikuwa hivi, mama anakaanga vitumbua, baba anapiga pasi ya mkaa nguo za wiki nzima, Redio Tanzania iko dirishani, na kazi zinafanyika kwa muziki bila mtu kugombezwa. Nami nimewalea wanangu hivo hivo, sasa hivi nina sabufa na simu badala ya redio ya mbao, lakini Jumapili ni dansi mpaka saa sita mchana, na ndo maana kijana wangu wa miaka ishirini na tatu anaimba nyimbo za bendi mwanzo mwisho wakati hajawahi kuiona hata moja jukwaani. Hakufundishwa na mtu, alikuwa anaosha vyombo tu. Mlimani Park wana jina lao lingine, Sikinde, ngoma ya ukae, na ukae kwa lugha ya wazee wetu wa huku ni nyumbani. Ngoma ya nyumbani. Mkiwa na watoto msiwape simu kila mmoja na spika za masikioni kila mtu na dunia yake, wekeni muziki mmoja nyumba nzima isikie, hata wakilalamika.

Mimi niliolewa 1996. Hatukuwa na ukumbi. Turubai lilifungwa uani, wanawake wa mtaa walianza kuchambua mchele tangu Alhamisi, masufuria ya kuazima, pilau ikapikiwa nyuma ya nyumba, na muziki ulikuwa wa kukodi na spika mbili. Saa za wazee zilikuwepo, za watoto zilikuwepo, taarabu ya kina mama ilikuwepo na kutunzana juu, na hakuna mtu aliyeandika ratiba. Kila mtu alicheza zamu yake kwa sababu waliokuwa wanaongoza shughuli ni mashangazi na wajomba, watu wanaotujua. Leo mnamkabidhi shughuli mtu mnayemlipa, hajui babu ni nani, hajui kama bibi ana magoti mabovu, yeye anaangalia saa aondoke akawahi shughuli nyingine, na ukoo mzima umegeuka watazamaji mezani. MC anatania mambo ya chumbani mbele ya wakwe, mama mkwe kainamisha kichwa, nyie mnacheka na mnarekodi. Mimi nawauliza kwa upendo kabisa, mlikaa vikao miezi minne mkajadili rangi ya vitambaa vya viti, katika vikao vyote hivo kuna hata siku moja mtu aliuliza wazee watacheza nini?

Na mjomba wa bibi harusi. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ana neno lake kwenye ndoa na neno hilo sio mapambo. Kaka yangu alipewa maikrofoni, akasimama, hajamaliza hata kutaja majina ya waliotangulia akaambiwa fupisha mjomba. Mtu kalipa mchango wake, kaleta watu kutoka mlimani kwa gari la kukodi, anaambiwa fupisha.

Hayo mengine nayataja tu, mengi mnayajua. Msikope kwa ajili ya harusi, deni linaingia nalo chumbani. Wazee na watoto wale kwanza, sio wakae mpaka saa tano wanangoja foleni ya meza ya kamati. Acheni kubandika kwenye grupu la wasap majina ya ambao hawajamaliza ahadi, kuna mtu hapo mwanae yuko wodini na hajasema. Meza ya wazee isikae mbele ya spika. Bibi akileta khanga aliyoinunua kwa hela yake ipokeeni kwa mikono miwili, mbele za watu, msiseme weka pale mezani na zawadi nyingine. Picha zikitoka muwapelekee za karatasi. Na baada ya harusi nendeni mkawasalimie, mume na mke, mkae mle ugali wao, sio mpige simu ya video dakika mbili.

Kwenye michango nina neno moja tu na naliandika huku nimekasirika. Kadi dabo laki na nusu tunatoa, na tusipotoa tunasemwa. Mwezi uo huo kwenye ukoo huo huo kuna binti amefaulu anatakiwa kwenda kidato cha tano, godoro na sare vinatafutwa, grupu likafunguliwa, watu wakaandika amina na hongera, hela ikawa ya kuokoteza. Aliyefunguliwa grupu la harusi alipata mamilioni. Mimi mwenyewe ni mmoja wa hao, harusi nilitoa mapema na kwa yule binti nikachelewa mpaka mama yake akanipigia, na ile simu bado inaniuma. Tutafanyaje jamani, hebu lisemwe kwenye vikao vyetu badala ya kusemwa pembeni tukitoka.

Wanangu nawapenda, ndo maana nawasema. Bibi harusi wetu ni mtoto mzuri, alinipigia Jumatatu analia, anasema alikuwa anabadilisha gauni hakujua kilichotokea ukumbini. Nimemwambia asilie, aende kwa babu. Alikwenda Jumatano na mume wake, wakakaa kibarazani na baba akawasimulia Osaka yote, mama akapika kisamvu cha nazi. Muziki hawakuweka. Nilimuuliza mama kwanini, akasema baba yako hataki kucheza nyumbani, anataka mbele za watu.

Desemba kuna harusi nyingine kwenye ukoo, ya kijana wa kaka yangu, na kamati imeanza kukaa. Nimeomba nafasi moja tu, mtu wa muziki wa wazee, wamenipa. Nitakaa kwenye kiti pembeni ya DJ kuanzia saa mbili usiku na flashi yangu, nyimbo tatu, nzima nzima, na ya kwanza ni ile ile. Baba hajasema kitu lakini jana nimeambiwa kaunda suti imerudishwa kwa dobi.