Leseni ya fundi wetu ilipwe na ushirika

Mhariri,

Mimi ni mwanachama wa ushirika wa nyumba hapa Tabora mjini. Kamati imemwambia fundi wetu wa umeme ahuishe leseni yake ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji) kwa fedha zake mwenyewe, la sivyo aache kazi. Jambo hili limeniuma.

Juzi usiku, mvua ikinyesha, swichi kuu ya jengo letu ilianza kutoa cheche. Fundi huyo alikuja mbio, tochi mdomoni, viatu vimelowa, akazima umeme na kukuta ganda la waya limeyeyuka. Watoto wetu walikuwa wamelala.

Wapo wanaosema leseni ni yake, akihama ataondoka nayo. Ni kweli. Lakini sisi ndio tunaoidai, na mshahara wake tunaujua. Ada ikigawanywa kwa kaya zote, haimlemei mtu. Anayehofia ataondoka, basi waandikishiane: akiacha kazi mapema, arudishe sehemu.

Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu. Kamati ituletee hoja hii huko, tuiamue wanachama wenyewe.

Mwanachama,
Tabora