Risala ya kikundi cha wafugaji kwa mgeni rasmi, Uyui, Tabora

Mheshimiwa mgeni rasmi, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji, wazee wetu na wageni waalikwa, shikamooni na karibuni sana.

Mheshimiwa, kikundi chetu kilianza 2017 tukiwa watu 9 chini ya mwembe, leo tuko 34, akaunti benki tunayo, josho tumekarabati kwa nguvu zetu na tuna ekari 12 za malisho ambazo kwa kweli ndo shamba darasa la kata nzima, hata wenzetu wa Nzega wameshakuja kuangalia. Historia ni ndefu ila muda wako tunauheshimu.

Sasa tuje kwenye nyasi. Tulitenga ngitili, yani eneo la malisho linalofungiwa mifugo ili nyasi zikue, kama wazee walivyotufundisha, tukapanda na nyasi za Rhodes, mwaka wa kwanza ng'ombe walishiba mpaka maziwa yakaongezeka, mwaka wa pili nyasi zikaota fupi, za njano, ukivuta shina linang'oka na mizizi yake haizidi kidole. Tukaletewa urea, tunashukuru sana, tukamwaga, wiki mbili kijani halafu hali ikarudi palepale. Baadae ndo tukaeleweshwa kwamba urea inatoa naitrojeni tu, asilimia 46, kama udongo umekosa fosforasi, kirutubisho kinachojenga mizizi, haisaidii sana, na ukiirudia rudia inaongeza asidi, na asidi ikizidi fosforasi inashikwa na chuma na alumini, mizizi haiipati vizuri hata umwage DAP, mbolea yenye fosforasi. Yani inawezekana kabisa tuliumwagia udongo ugonjwa kwa mikono yetu. Labda panataka chokaa ya kupunguza asidi na samadi ya mazizi yetu tu, lakini bila kupima tutajuaje?

Mheshimiwa, kwa heshima zote, kupimiwa udongo tumeshaahidiwa mara mbili. Mwaka juzi aliyesimama hapo ulipo alisema mtaalamu atafika ndani ya wiki mbili, kina mama wakapiga vigelegele. Mwaka jana sampuli zikachukuliwa, majibu hadi leo hatujayaona, tukipiga simu tunaambiwa subirini, na mvua za Novemba huwa hazisubiri mtu.

Kwa hiyo safari hii hatuombi mbolea hata mfuko mmoja, tunaomba majibu ya udongo kwenye karatasi. Sampuli tumechukua wenyewe, sehemu 15 kila kipande kwa kwenda zigizagi, kina cha sentimita 20, tukachanganya kwenye ndoo ya plastiki maana ya bati inachafua kipimo kwa zinki, tukaanika kivulini, nusu kilo kila mfuko na jina la kipande limeandikwa. Kituo cha utafiti wa udongo kiko Mlingano, Muheza, Tanga, na nauli pamoja na gharama ya maabara ndo zimetushinda.

Mifuko ni mitano, iko hapo chini ya meza kuu karibu na miguu yako mheshimiwa. Tunaomba iondoke na gari lako leo, na kabla hujapanda utuachie jina na namba ya simu ya atakayetuletea majibu.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa kikundi