Poda peke yake haiponyi fangasi, na mabuti nayo yakauke

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba wanaoshinda ndani ya mabuti ya mpira wakibeba samaki, na zaidi niseme na matajiri wao. Nauza dawa katika duka la dawa muhimu jirani na soko, na haipiti siku bila kuulizwa poda ya fangasi wa miguu.

Mtu anavua buti, anashusha soksi, anatanua kidole cha mwisho na cha jirani yake. Katikati ngozi ni nyeupe, imelowa na inamenyeka, na chini yake kuna mpasuko mwekundu. Anaona aibu kwa ile harufu hata kabla sijasema neno. Halafu anaomba poda ya mtoto! Poda hiyo inakausha jasho, basi. Haina dawa ya kuua fangasi. Anayetaka poda yenye dawa asome kopo, atafute yenye mikonazoli, anyunyize kati ya vidole na ndani ya soksi.

Palipoathirika panahitaji krimu. Klotrimazoli ya asilimia 1 inapakwa asubuhi na jioni, miguu ikiwa imeoshwa na kukaushwa hadi katikati ya vidole, na upake kupita kidogo pale panapowasha. Endelea kwa wiki nne. Wengi wanaacha siku muwasho unapokoma, wakati fangasi bado wamo kwenye ngozi, na baada ya muda mfupi wamerudi dukani kulalamika kwamba dawa ni feki. Krimu ya terbinafini kwa kawaida inamaliza kazi kwa wiki moja.

Kinachoniumiza zaidi ni zile krimu za mchanganyiko ambazo watu wanaelekezana vijiweni. Ndani yake kuna betamethazoni, ambayo ni steroidi. Inatuliza muwasho na wekundu upesi sana, mtu anaamini amepona, kumbe fangasi wanaendelea kutambaa na ngozi inazidi kuwa nyembamba. Wauza dawa wenzangu, tusimpe mtu krimu hizo kwa sababu tu amezitaja jina. Kuna pia wanaopaka maji ya betri. Ile ni asidi, ndugu zangu. Inaunguza nyama, na kidonda kinachobaki ni kibaya kuliko fangasi wenyewe.

Wengine wanalilaumu ziwa na kuomba vidonge vya kichocho. Kichocho kweli tunakipata ziwani, lakini dawa yake, prazikwanteli, haigusi fangasi. Hawa wanataka joto na unyevu, na wanahama kwa taulo, kwa sakafu za bafu na kwa viatu vya kuazimana. Wanapanda hadi kwenye mapaja, ndiyo maana nawashauri wateja wavae soksi kabla ya chupi, ili chupi isiwazoe ikipita miguuni. Mwenye kisukari, au aliyevimba mguu na kupata homa, asinunue kitu kwangu. Aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa bakteria wanaweza kuwa wameingia kwenye ule mpasuko.

Sasa matajiri. Vijana wananieleza kwamba buti analovua wa zamu ya usiku ndilo analovaa wa asubuhi, bado lina joto na maji ya barafu ndani. Hapo nitauza krimu mpaka lini? Kila mtu awe na mabuti yake, na ikiwezekana jozi mbili za kubadilisha, moja ikivaliwa nyingine inaanikwa. Anayemudu kununua barafu kila alfajiri anamudu na hilo. Uongozi wa soko nao utenge sehemu moja yenye jua tuanike mabuti, maana sasa hivi yanarundikwa kwenye kona yenye maji nyuma ya mizani.

Msomaji wako,
Muuza dawa, Kirumba, Mwanza