Magongo Jumamosi, City Park

Hamjambo wanakikundi. Jumamosi hii tunaenda kutazama mpira wa magongo (hoki) uwanjani City Park, Nairobi, si kwenye simu. Tukutane langoni saa saba na nusu mchana. Mechi ya kwanza ni saa nane.

Mchango ni shilingi 500 kila mtu: kiingilio, maji na soseji ya smokie (mayai pasua, yaani ya kuchemsha yenye kachumbari, ujinunulie). Mtumieni mweka hazina kwa M-Pesa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku.

Tafadhali tusichelewe. Kona ya adhabu ndiyo utamu wenyewe: mpira unasukumwa kutoka mstari wa nyuma, kando ya goli, unasimamishwa, kisha mpigaji anauburuta na kuufyatua huku mabeki waliovaa barakoa wakimkimbilia. Kwenye runinga huoni kitu. Pale unasikia ubao wa goli ukilia. Wageni wa mchezo huu, kaeni karibu na wazee. Watawasimulia Kenya ya nahodha Avtar Singh Sohal, iliyomaliza ya nne Kombe la Dunia 1971.

Naomba kila mmoja ajibu leo: "Nipo" au "Sipo", na kama unakuja na mtoto. Mwenye nafasi garini kutoka Eastlands pia aseme.