Barua kwa Somoe kuhusu usaili wa udaktari

Mikindani, Mtwara
Januari

Shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi sana. Huku kwetu hatujambo, sijui ninyi huko Lindi. Habari ya kuitwa kwako kwenye usaili wa kusomea udaktari Uingereza, ule wa mtandaoni, nimeipokea kwa furaha. Umeniomba nikueleze wangu ulivyokwenda, na kwenye simu yangeishia njiani, ndiyo maana naandika.

Kwanza saa, maana hapo mtu anaweza kupoteza mwaka mzima. Wakikuandikia 10:00 asubuhi ya Uingereza, kwetu ni saa saba mchana, kwa kuwa kipindi hiki tumewatangulia kwa saa tatu. Bando liwe la kutosha, na simu ya pili iwe na chaji endapo umeme utakatika.

Sasa usaili wenyewe. Usitarajie wazee watatu nyuma ya meza. Unapitishwa vituo, kila kituo na msaili wake na swali lake. Unapewa muda mfupi wa kusoma, dakika chache za kuongea, muda ukiisha unahamishwa hata kama sentensi haijafika mwisho. Mtindo huu ulianzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, miaka ya mwanzo ya 2000. Mimi naupenda, maana ukiteleza kwa mmoja, anayefuata hana habari. Hapa kwetu, Muhimbili au Bugando, kwa kawaida wanakuchukua kwa alama zako za Fizikia, Kemia na Baiolojia za Kidato cha Sita, wala hakuna anayekuuliza utamwambia nini mama mwenye hofu. Natamani wangeuliza.

Mimi niliulizwa hilohilo. Kituo kimoja alikuwapo mwigizaji, anaigiza mama asiyetaka mwanawe achanjwe chanjo ya surua, na mimi nizungumze naye. Mama wa Kizungu, lakini alivyokunja uso nikamwona bibi yangu kabisa. Unamjua bibi na maneno yake, kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Bibi si mjinga, Somoe. Zamani watoto walifikishwa hospitali malaria imeshapanda kichwani, wakachomwa sindano, wakafariki. Kwa macho yake sindano ndiyo iliyoua. Leo sindano ya artesunate, dawa ya malaria kali, ndiyo inayowaokoa watoto wa namna hiyo, lakini ukianza kwa kumwambia hajui kitu, hakusikilizi tena.

Basi nikamwuliza yule mama ameona nini, au amesikia nini, kinachomtia hofu. Akanyamaza kidogo. Akasema mtoto wa jirani yake alichanjwa, akapandisha homa, akakakamaa na kutetemeka mwili mzima. Degedege hiyohiyo! Nikampa pole. Nikamwambia ni kweli chanjo ile yaweza kuleta homa, na mara chache mtoto mdogo hutetemeka kwa homa hiyo, ila surua yenyewe huwatetemesha wengi zaidi, na inaua. Nikamwuliza kama angependa kuja na baba wa mtoto tuzungumze pamoja. Muda ukaisha hapo, lakini alikuwa ameshakunjua uso.

Kujiandaa kwangu kulikuwa zahanati. Nesi aliniruhusu kukaa siku za kliniki. Mizani imening'inizwa kwenye kenchi, mtoto kavalishwa kile kisuruali, miguu inaelea, analia. Nesi anaandika kwenye kadi huku anamwuliza mama, kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya dagaa, kama mtoto analala kwenye chandarua. Mama akasema ukweli, chandarua kimezungushiwa mchicha kuku wasiingie. Nesi hakufoka. Akamwuliza bustani ina ukubwa gani, wakaanza kupanga makuti ya kuweka uzio. Nakwambia, majibu ya kukariri hayafundishi hilo, na msaili anayajua tangu sentensi ya kwanza.

Watakuuliza kwa nini udaktari. Usiishie kusema unapenda kusaidia watu, hata mwalimu anasaidia. Wewe una habari ya mjomba wako, bila kumtaja jina. Mwanaume mzima kaficha mabusha miaka yote, haendi barazani, haendi harusini, mpaka alipofanyiwa upasuaji. Eleza kwamba ni minyoo inayoenezwa na mbu, kwamba pwani yetu ya kusini imeteseka nayo mno, kwamba watu hugawiwa kingatiba mtaani na wengine huitupa. Halafu eleza ulichokiona usoni kwake siku aliyorudi kukaa na wenzake. Najua ulikiona, uliniambia mwenyewe. Hapo hawatahitaji kukuuliza tena kwa nini.

Majibu yangu bado. Nasubiri, naswali, nasoma.

Jumamosi panda Kosta ya asubuhi, ushuke Mikindani kabla haijafika mjini. Tutafanya mazoezi mchana kutwa. Bibi amekubali kuwa yule mama anayekataa sindano, na usidhani atakubali upesi. Jibu kwa Kiswahili kwanza, jioni turudie kwa Kiingereza. Njoo na barua yao ya mwaliko tuisome pamoja, na mama yako mfikishie shikamoo yangu.

Wako akupendaye,
Mwanahawa