Barua kwa Rehema

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka Melbourne. Sisi huku wazima, ila baridi ndiyo inatukomesha. Uliniuliza ni mpiga picha gani wa huku ninayemhusudu. Ni Lisa Bellear, na wala sikuhitaji kufikiri.

Alikuwa Mwaborijini, yaani wa wenyeji asilia wa Australia, mzaliwa wa mji huuhuu, 1961. Mshairi, mtangazaji wa redio ya jamii ya 3CR, tena mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha maigizo cha Ilbijerri. Juu ya hayo yote, kamera haikumbanduka. Palipo na maandamano au shughuli ya Waaborijini, naye yupo.

Sasa sikiliza. Lisa alilelewa na wazungu, akaja kuwapata ndugu zake wa damu ukubwani. Kwa miaka mingi serikali za Australia ziliwanyang'anya Waaborijini watoto wao na kuwapeleka kwenye makao au kwa wazungu, wakue wamesahau kwao. Serikali iliomba radhi Februari 2008. Lisa alikuwa ameshafariki, 2006, ana miaka 45 tu.

Ukishajua hilo, picha zake utaziangalia vingine. Nyingi ni za kawaida, za kuwekwa kwenye albamu: watu wamekumbatiana, wanacheka, wazee wamekaa. Lakini hakuna anayejikaza. Wanamtazama kama shangazi aliyechelewa kufika shughulini. Mimi naona ufundi wake uko hapo, hata kama mabingwa wa lenzi watabisha. Aliacha maelfu ya picha, na mwaka 2016 Koorie Heritage Trust, taasisi ya utamaduni wa Waaborijini, wakafanya maonyesho yake. Rafiki yake Destiny Deacon, naye mpiga picha mkubwa, alikuwa miongoni mwa walioyaandaa.

Jambo jingine nililolipenda huku: kwa Waaborijini wengi, jina na sura ya marehemu si vitu vya kuanikwa ovyo. Kwa hiyo makumbusho huweka tangazo mlangoni kwamba ndani mna picha za waliofariki, ili mtu aingie akijua, au asiingie kabisa.

Nikakumbuka manung'uniko yako juu ya wale wageni waliopiga picha wavuvi wa mtaani kwenu, wakaondoka nazo, hata nakala moja isirudi. Haya, na wewe je? Zile za harusi ya binamu yako umeshawapelekea wenyewe, au bado zimelala kwenye kompyuta?

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Salma